Salamu Iliyoua Dawa ya Babu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, hapa Gisenyi, niliamini kwamba nimemuua babu yangu kwa kujibu salamu.

Babu alikuwa fundi cherehani. Mwaka ule kifua kilianza kumbana kila alipopanda kilima akitoka msikitini. Hospitalini walisema mishipa ya moyo wake inazibwa na mafuta, wakampa vidonge. Bibi alisema damu imekuwa nzito. Dawa ya Bibi ilikuwa kitunguu saumu kilichotwangwa na kulowekwa katika maji ya limau, lakini si cha sokoni. Kilipaswa kung'olewa asubuhi katika bustani ya dada yake, juu ya mtaa wetu, na anayekileta asiseme na mtu mpaka akifikishe.

"Ukikutana na mutu, funga kinywa," aliniambia. "Dawa ikisikia maneno, inakufa."

Nilikwenda kila Ijumaa, nikipita watu kama bubu. Ijumaa ya tano, mwalimu wetu wa madrasa alinisimamisha njiani.

"Asalamu alaikum."

Nikainamisha kichwa.

"Eh! Mi nilikufundisha nini? Salamu inajibiwa. Ama ulimi umeuacha nyumbani?"

Nikajibu, kitunguu kikiwa mkononi.

Bibi sikumwambia. Alitwanga, na Babu akanywa akikunja uso, akasema sasa hata mbu wanamkimbia. Siku nne baadaye alianguka juu ya cherehani yake, hakuinuka tena.

Nilikuja kumwambia Bibi nikiwa mtu mzima mwenye watoto, mimi naye tukichambua maharage. Alicheka kwanza. "We! Ungekosa kumujibu mwalimu, babu yako ndiye angekuchapa." Kisha mikono yake ikatulia. "Vidonge vya hospitali, mi nilivificha kabatini. Niliona dawa mbili zitapigana. Alikuwa ananiuliza, nikamwambia kitunguu kinatosha."

Daktari niliyemuuliza baadaye hakukidharau kitunguu saumu. Alisema watafiti wanachunguza viambata vyake vya asili, na huenda vinapunguza kidogo mafuta ya damu. Lakini havizibui mshipa uliokwisha kuziba, wala havichukui nafasi ya vidonge. Maneno hayo sikumpelekea Bibi.

Ninayaandika leo, yeye akiwa amezikwa, kwa sababu wajukuu wanapaswa kujua ilivyokuwa. Siku ile ya maharage nilimshika mkono tu. Mimi nilikuwa nimebeba kosa la mtoto. Yeye alilala na lake peke yake, miaka yote hiyo, katika kitanda walichokuwa wakilala wawili.