Keria Juu ya Boti

Tusajigwe huchora boti. Ofisi yake ni chumba kimoja Mbugani, nyuma ya duka la vitenge la Rukaya, nayo ni tawi la kampuni ya boti yenye makao makuu Mwanza. Ukimkuta ameinamia kompyuta, subiri amalize mstari ndipo umsalimie. Mafundi wa ziwani wanamjua kwa ukali, ukali mtamu wa mtu anayependa kazi yake. Haogopi mtu, ila yupo mmoja anayemkimbia: baba mkwe wake.

Hawajagombana. Ni mila ya Wanyakyusa: mke hakutani uso kwa uso na baba wa mumewe, wala hasemi naye. Wengi wameiacha, lakini Mzee Anyelwisye wa Ikolo hajaiacha, na Tusajigwe, shahada yake na yote, bado hujitosa migombani akisikia baiskeli ya mzee. Heshima si utumwa, husema, huku akijipangusa majani.

Mzee alipouza kakao akataka boti ya abiria, hakutafuta mchoraji mwingine. Tusajigwe akaichora kwa mapenzi kuliko kazi yoyote. Kisha mzee akatamani keria juu ya paa, kama ya basi, ya kubebea magunia ya mpunga.

"Mwambie baba, mzigo ukikaa juu boti itapinduka," Tusajigwe alimwagiza mumewe, Lazaro.

Wanasema mjumbe hauawi. Lazaro, aliyelelewa na mzee yule, hakutaka kuhakikisha. Alikwenda Ikolo akasema, "Mkweo anasema ni wazo zuri, baba."

Basi siku ya kuishusha boti majini, ufukweni Mwaya, Tusajigwe alikuta keria imefungwa na magunia yamepangwa juu yake. Ndani walikaa wajukuu, binti yake Atupele mbele kabisa, na upepo wa kusini ulishaanza kuinua mawimbi. Alimtazama Lazaro. Lazaro akatazama viatu vyake.

Mzee alikuwa upande wa pili wa boti, anaisukuma. Kumsemesha ni kumvunjia heshima mbele ya watu, na kunyamaza ni kumzika mtoto. Tusajigwe akapiga ubavu wa boti kwa kiganja.

"Wewe boti, usiende na keria hiyo. Utapinduka na watoto wangu."

Mzee akaacha kusukuma, akageukia milima wasije wakatazamana.

"Boti," alisema, "mbona hukuniambia mapema?"

"Nilimtuma mtu, boti."

"Huyo namjua. Tangu mdogo, ukimtuma chumvi analeta sukari."

Lazaro alijificha nyuma ya mama zake wadogo, waliocheka bila huruma. Watoto wakashushwa, nati zikafunguliwa, keria ikabaki mchangani na magunia yakalazwa sakafuni. Ndipo wote wakapanda, wakaondoka. Wimbi la kwanza kubwa liliilaza boti ubavu, ikainuka yenyewe taratibu, na Tusajigwe, aliyeketi nyuma na mgongo kwa mkwewe, akalia kwa furaha bila kujificha.

"Boti," mzee aliita kutoka mbele, "muulize aliyekuchora kama amekaa vizuri."

"Mwambie amekaa, boti."

"Basi mwambie, ndaga fijo, asante sana."

Tangu aolewe, salamu zote za mzee zilimfikia kwa mdomo wa Lazaro. Hizi alizipokea mwenyewe, na hazikupungua hata neno.