'Andika nimeshindwa': Bernadeta, mpima tovuti asiyetaka huruma

Saa tatu asubuhi, ghorofa ya pili ya jengo moja Kinondoni, Bernadeta Mapunda anafuta vidole kwa khanga, anaivuta kompyuta karibu na kumwambia kijana aliyeketi kando yake: "Haya, washa saa. Na mdomo ufunge."

Kijana huyo, Elibariki, ndiye aliyeitengeneza tovuti inayopimwa leo, ya kuomba miadi ya kliniki. Bernadeta, 47, mkazi wa Mbagala Kizuiani, hajaona tangu surua ilipomshika akiwa na miaka sita. Programu humsomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini, naye hutumia kibodi tu.

Kazi yake ni kupima kama asiyeona anaweza kuitumia tovuti peke yake, na kwa dakika ngapi. Hulipwa Sh50,000 kwa kipimo kimoja, na kwa mwezi hupata viwili au vitatu.

Leo anakwama. Jina limeingia, tarehe imeingia, lakini akifika mwisho sauti inasema "kitufe", "kitufe", "kitufe", basi. Kipi cha kutuma, kipi cha kufuta? Dakika ya tisa Elibariki anashindwa kuvumilia.

"Cha pili, mama," ananong'ona.

Bernadeta anabonyeza. Fomu inakwenda, na ofisi nzima inapiga makofi.

"Mnampigia nani?" anauliza. "Huyu kanisaidia. Kipimo kimeharibika."

Jamani, huruma! Ndiyo inayomkera kuliko dharau. "Nishavushwa barabara ambayo wala sikuwa na shida nayo," anasema.

Meneja, Revelian, anambembeleza. Tovuti inafunguliwa Jumatatu, ripoti imeshaandikwa "amefaulu", imebaki sahihi yake tu.

"Mama yangu, tuandikeje kwamba mtu mzima kama wewe ameshindwa? Si aibu hiyo?"

"Aibu ya nani? Andika nimeshindwa. Vitufe havina majina."

"Usiposaini tutatafuta mwingine."

"Mtafuteni. Naye atakwama hapohapo."

Anajua anachokipigania. Mwaka jana alimpa jirani simu amjazie fomu ya kliniki. Kabla hajamwona daktari, mtaa mzima ulishajua anaumwa nini, na mteja mmoja wa vitumbua anavyouza akaacha kuja.

"Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Sawa. Lakini mie nimfunulie daktari, si Mbagala nzima!"

Revelian anamsogezea Elibariki ripoti. Elibariki, kichwa chini, anafuta neno "amefaulu", anaandika "ameshindwa, dakika tisa", kisha anamsomea ripoti yote. Bernadeta anasaini. Kama ataitwa tena hajui, na hasemi kwamba hajali.

Sasa anakusanya wenzake wanane wasioona wa Mbagala waanzishe kikundi chao cha kupima tovuti, ili anayemkataa mmoja akutane na msimamo uleule kwa wote.

Mwandishi anamuuliza: mwaka jana alikuwa anaumwa nini?

Bernadeta anachukua fimbo yake na kusimama.

"Hilo nitamwambia daktari," anasema.