Kwa Mwanangu Anayekwenda Kwenye Theluji

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo haijawahi kunitoka. Asubuhi hiyo nilivaa koti zito na kofia ya sufu katikati ya Dodoma, jua likiwaka, nikatembea hadi bucha moja karibu na stesheni ili niingie kwenye chumba cha barafu wanamohifadhi nyama. Watu walisimama kunitazama. Shangazi yangu Mwanaidi alikuwa mbele, kabeba mfuko wa nguo nyingine, akiwasalimia kana kwamba hakuna jambo.

Nakueleza haya kwa sababu nimeliona sanduku lako pale sebuleni, na nimeona ulivyolipanga.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Kabla yake tulizoea kupanga foleni hata kwa kitambaa cha gauni. Halafu mitumba ikamwagika sokoni. Shangazi alikuwa mjane wa pale Majengo, akiuza mitumba. Kwenye marobota yake kulikuwa na vitu ambavyo hakuna aliyejua kazi yake: suruali nyembamba za sufu za kuvaa ndani, soksi nene za kufika gotini, glavu ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja na dole gumba peke yake. Wanunuzi walicheka wakaviacha. Shangazi hakucheka. Aliviweka kando, na jioni alikuwa akivigeuzageuza, akijiuliza aliyevishona alikuwa anaogopa nini.

Mimi nilikuwa fundi sanifu, bado msichana, katika ofisi ya maji. Nikachaguliwa pamoja na mwenzangu, Ndahani, kijana wa Mpwapwa, kwenda Finland kujifunza mambo ya mabomba na visima. Safari ilikuwa ya Januari. Nilipomwambia shangazi kwamba huko ziwa huganda mpaka magari yanapita juu yake, hakusema "Mungu wangu" kama wengine. Aliuliza, "Na samaki je?"

Kabla sijajibu, akaongeza:

"Na wewe utajuaje kama nguo ulizobeba zinatosha, kabla hujafika mahali ambapo huwezi kurudi kubadilisha?"

Ndipo akamkumbuka Idi, kijana wa jirani aliyekuwa akifanya kazi kwenye bucha lile, akaenda kumwomba.

Idi alitufungulia ule mlango mzito huku akicheka. Mara ya kwanza niliingia na koti moja zito lililonibana, nikidhani uzito ndiyo dawa. Sikufika hata katikati ya nyama zilizoning'inizwa, nikaanza kutetemeka. Nilipotoka, shangazi alipitisha mkono mgongoni mwangu. "Umelowa," akasema kwa mshangao. "Umetembea juani na koti, fulana ya pamba imenyonya jasho lote. Baridi imekukuta na maji mwilini."

Akanikausha, akanivalisha zile nguo za sufu kwa ndani, juu yake sweta pana, juu kabisa koti lisilobana. Nikarudi. Ajabu, mwanangu! Nguo zilikuwa nyepesi kuliko lile koti, lakini nilikaa humo nikatazama kila kitu kwa raha zangu. Tatizo likawa miguu. Nilikuwa nimevaa soksi mbili na kuzishindilia ndani ya viatu vyangu vya kazini, na miguu ilipoa haraka kuliko ilipokuwa na soksi moja. Shangazi alifurahi kana kwamba ameokota kitu. "Kumbe mguu ukibanwa, joto halipiti! Vua hivyo." Akanipa mabuti makubwa ya kiume, na soksi zile zile mbili zikatosha.

Mwisho akataka kujua kuhusu glavu. Mkono wa kulia akanivika ile ya chumba kimoja, wa kushoto yenye vidole vyake. Nikakaa ndani, yeye kasimama mlangoni.

"Unajisikiaje, Zaina?"

"Niko salama, shangazi."

"Sikukuuliza usalama. Nimekuuliza, vidole vinasemaje?"

Nikavisikiliza. Vya kulia vilikuwa na joto. Vya kushoto viliniuma hapo mwanzo, lakini sasa havikuwa vikisema lolote. "Vya kushoto vimenyamaza," nikasema.

"Toka."

Nje vilianza kuchoma kama vimepakwa pilipili. Shangazi akavibana kwapani kwake, akanitazama usoni. "Kumbe vikinyamaza ndiyo hatari," alisema polepole, kama anayejifunza hapo hapo. Kisha akanikemea, lakini kwa sauti ya chini: "Mtu anayekutakia heri akikuuliza, usimjibu kwa adabu tu. Mjibu kweli."

Siku ya safari Ndahani alikuja na suti, koti refu la kupendeza, na viatu vyembamba vilivyochongoka mbele. Alinitazama na maguo yangu mapana akacheka. "Dada Zaina, sisi tunaiwakilisha nchi. Siwezi kushuka kwenye ndege kama robota la mitumba." Nilicheka naye. Alikuwa mtu wa kupendeka.

Huko kulikuwa na baridi ambayo sina neno lake la Kiswahili. Vinyweleo vya puani viliganda nilipovuta pumzi, nikavuta tena ili nihakikishe. Theluji ililia chini ya buti. Siku za mwanzo tulikuwa darasani, ndani kuna joto, na Ndahani alipendeza kuliko sote. Kisha mwenyeji wetu, mhandisi mmoja tuliyemwita Mama Aino, akatupeleka kijijini kuona mafundi wakichimbua bomba kutoka kwenye ardhi iliyoganda kama jiwe. Tulisimama hapo muda mrefu. Jambo lenyewe lilinivutia, kwa sababu juu palikuwa pamekufa kwa barafu na chini maji yalikuwa yakitembea. Nilipogeuka kumwonyesha Ndahani, nikaona amekaa kimya. Hata mzaha hana.

"Vipi, Ndahani?"

"Poa, dada. Nimeshazoea."

"Umezoea nini?"

"Miguu ilikuwa inauma sana. Sasa imeacha."

Mwanangu, nikakumbuka vidole vyangu kule buchani. Nilimshika Mama Aino mkono nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuungaunga kwamba miguu ya mwenzangu imenyamaza. Hakuuliza mara ya pili. Tulimbeba Ndahani, yeye akipinga kwa aibu, tukaingia nyumba ya karibu. Alipovuliwa viatu, ncha za vidole vyake zilikuwa zimepauka, ngumu kama mshumaa. Ndahani akaziangalia kama miguu ya mtu mwingine. Alitaka kusogea kwenye jiko la moto; Mama Aino akamzuia. Nilitaka kumsugua; akanizuia na mimi. Alileta beseni la maji ya vuguvugu, akayapima kwa kiwiko kama tunavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga, akaizamisha miguu taratibu, na kumtuma mtu aite daktari.

Hisia ziliporudi, Ndahani alilia machozi waziwazi. Mama Aino akatabasamu. "Akilia ni habari njema," akaniambia.

Nilimuuliza Ndahani baadaye kwa nini hakusema mapema. Alinijibu, "Niliona wote mmesimama kimya. Nikadhani baridi ndivyo ilivyo, na mimi ndiye mdhaifu."

Malengelenge yalimtoka, kucha zikang'oka, akatembea kwa kuchechemea muda mrefu. Lakini daktari alisema kama tungechelewa zaidi, vidole vingekatwa. Alirudi Dodoma na vyote.

Basi, mwanangu, toa zile jinzi sandukuni. Zikilowa hazikauki, na kiunoni zinakubana. Weka sufu kwa ndani, kitu kipana juu yake, na koti la kuzuia upepo liwe la mwisho. Ukianza kutoka jasho, punguza nguo kabla hujalowa. Viatu viwe vikubwa kiasi cha kuchezesha vidole. Soksi kavu zikae kwenye mkoba wa mkononi, maana sanduku linaweza kuchelewa njiani. Usivae kwa ajili ya macho ya watakaokupokea. Wao wenyewe utawakuta wamevimba kwa maguo. Zaidi ya yote, kuwa mdadisi. Uliza wenyeji kila kitu, hata swali unaloliona la kitoto. Na mwili wako ukibadilika, sema hapo hapo, hata kama wengine wote wamenyamaza.

Nenda salama. Mungu akutangulie kila mlango, akukutanishe na watu watakaokuuliza hali yako kwa kutaka kujua, na akupe wewe ulimi wa kuwajibu kweli. Amina.