Bastola yenye alama ya kuteksi

Saa tatu asubuhi, ukungu haujaisha kwenye uwanja wa shule ya msingi mtaani Kimumu, mjini Eldoret. Sylvia Musimbi anapiga hodi nyumba baada ya nyumba.

"Mama, hamjambo? Tutapiga bastola ya michezo hapo uwanjani. Haitoi risasi, ni mlio na moshi tu. Msishtuke."

Nyakio, anayechoma mahindi karibu na lango la shule, anapepea jiko lake na kucheka. "Umefanya vizuri kuniambia. Ungenyamaza, ningekuwa chini ya meza na mahindi yanaungua."

Kisha anamshukuru tena, kwa sauti ya chini. Hapa wako watu wazima ambao mlio wa bunduki huwarudisha mahali wasipotaka kurudi. Musimbi analijua hilo, ndiyo maana ametangulia kubisha.

Siku za kazi, mama huyu wa mtaa wa Langas hukata nyasi za viwanja vya shule na kuchora mistari kwa chokaa, kwa malipo ya siku. Siku za mashindano, yeye ndiye anayeanzisha mbio. Kwa miaka sita ameanzisha kwa kugonganisha mbao mbili.

"Mbao hazina shida upepo ukitulia," anasema. "Muhula uliopita upepo ulivuma. Msichana mmoja, Linah, alikuwa laini ya pembeni kabisa, mlio haukumfikia. Wenzake wamekwenda, yeye bado ameinama anangojea. Nilimwahidi haitatokea tena."

Linah atakimbia Jumamosi hii. Ndiyo sababu Musimbi amekuja kukagua bastola ya zamani ya Mzee Macharia, mwalimu mstaafu aliyekuwa akianzisha mbio za shule hadi magoti yalipomkatalia. Ruhusa ya polisi ya kuhamisha umiliki wake imeshapatikana. Lililobaki ni kujua kama chombo chenyewe kinafaa.

Pale uwanjani, Mzee anaitoa kwenye kitambaa cha flana. Musimbi anahakikisha kwanza haina kitu ndani. Anatazama mtutu, uliozibwa tangu kiwandani. Ananusa. Anapitisha kidole kwenye matundu sita ya silinda akitafuta ufa.

"Unaikagua kama unanunua ng'ombe," Mzee anamtania.

"Ng'ombe ningemwangalia meno, Mzee."

Anaivuta nyundo polepole, tundu moja baada ya jingine, akisikiliza silinda ikijifunga. Tundu moja linakataa. Silinda inachezacheza chini ya kidole chake. Kando ya tundu hilo kuna nukta nyekundu.

Musimbi anarudia; tundu hilo linakataa tena. Bastola ikigoma watoto wakiwa wameinama, wataanguka wote mbele. Hiyo itakuwa mbaya kuliko mbao.

"Na hii nyekundu ni nini, Mzee?"

"Ni kuteksi," Mzee anajibu. "Nilikuwa nataka uione mwenyewe, halafu nikueleze. Siku moja ilinigomea mbele ya shule nzima, nikarudi nyumbani sisemi na mtu. Mama Waiyego, marehemu mke wangu, akachukua kuteksi yake ya kucha akapaka hapo. Akaniambia, 'Hilo liache tupu, liweke chini ya nyundo. Ukivuta, inaanza na linalofuata; utapata milio mitano mfululizo.' Haijanigomea tena."

Mbio moja huhitaji milio miwili: wa kuanzisha, na wa kuwarudisha watoto mmoja akiwahi kuondoka. Mitano inatosha. Lakini Musimbi anataka kuona.

Nyakio anaacha mahindi yake na kwenda kusimama upande wa pili wa uwanja, penye mstari wa kumalizia. Akisikia mlio na kuona moshi, atapunga leso. Musimbi anajaza matundu matano, anaweka nukta nyekundu chini ya nyundo, anaziba masikio kwa pamba na kuinua mkono.

Milio mitano. Leso inapungwa mara tano.

"Hata upepo ukivuma nitausikia huo mlio, na moshi nitauona," Nyakio anapaza sauti akirudi. "Sasa nani ananilipia hili lililoungua?"

Mzee Macharia anatoa pesa kabla Musimbi hajafungua mkoba. Wanaligawana hindi hilo watatu, wakibandua punje nyeusi. Bei ya bastola wanaelewana kwa maneno machache, na flana inaenda pamoja nayo.

Musimbi ana mpango wa kusomea uanzishaji wa mbio, ili siku moja asimamie mbio za kaunti. Kwa sasa mawazo yake yako Jumamosi. Anamwomba Mzee aje apige mlio wa kwanza.

Mzee anakataa kwa upole.

"Mimi niwekee kiti kule mwisho," anasema. "Miaka yote hiyo nimewaona watoto migongo tu. Nikishapiga, wameenda. Nataka niwaone nyuso wakifika."

Musimbi anachukua debe lake la chokaa na kwenda naye hadi mstari wa kumalizia. Pembeni yake, mahali jua la asubuhi halitampiga Mzee machoni, anachora mraba mdogo mweupe wa kutosha kiti kimoja.