Mwavuli wa Babu Yako

Mwanangu, kwa kuwa jarida limekuomba wewe uwaongoze akina mama kupiga ngoma kwenye tamasha lake la mwaka huu, weka simu chini uketi. Nakumbuka tamasha lao moja, hapa hapa Kisugu, nikiwa na umri wako.

Nilikuwa nimeolewa na baba yako mwaka mmoja tu. Yeye Mwacholi, mwanajeshi, Mkristo wa kanisani kila Jumapili. Mimi binti wa Kinubi, Mwislamu. Babu yako, yaani baba yangu, hakunipiga wala hakunitukana. Alishikilia jambo moja: doluka isipigwe. Nayo doluka ndiyo ngoma yetu ya harusi, akina mama wanamwimbia bibi harusi na kuwataja wazazi wake kwa majina. Kuolewa bila hiyo, kwetu, ni kama kutoka nyumbani kwa mlango wa jikoni. Niliondoka kimya na sanduku langu kwenda kambini Mbuya, na babu yako hakukanyaga kwangu. Nililia sana, sikufichi.

Siku ya tamasha kila kabila lilikuwa na banda lake. Shangazi Halima, dada yake babu yako, aliniita nisaidie kupika, nikawa nyuma ya banda letu nakanda unga. Babu yako ameketi mbele na wazee wenzake, ananitazama kama mpita njia.

Akaja kijana wa jarida, kamera shingoni, mpole kabisa.

"Mama, mko tayari? Mna dakika tano. Mchangamke kidogo, picha zitoke vizuri."

Shangazi alikuwa amejifunga gurbaba, ile nguo yetu ya sherehe, ngoma iko mapajani. Hakuipiga.

"Ssebo, hii ngoma ya bibi harusi. Bibi harusi iko wapi?"

"Hakuna, mama. Ni maonyesho tu."

"Basi ngojea." Akageuka nyuma. "Mariamu! Wacha hiyo sufuria. Kuja hapa."

Nilikwenda na unga mikononi. Akavua gurbaba yake akanifunika, ngoma ikaanza. Wakaimba jina langu. Wakaimba la mama yangu, marehemu. Kisha likaja la babu yako. Kwa desturi yetu, baba akitajwa husimama na kuinua fimbo, watu wajue binti ametolewa kwa ridhaa. Shangazi alilitaja, akangoja. Akalitaja tena. Babu yako anatazama viatu vyake. Kijana wa jarida alitaka kusema muda umekwisha, mama mmoja akamshika mkono. Nikajiambia, asiposimama leo, hasimami tena.

Akasimama. Fimbo hakuwa nayo, alikuja na mwavuli. Akauinua huohuo, nao ukafunguka wenyewe juu ya kichwa chake, jua linawaka. Watu walicheka, na yeye akacheka, na mimi nikalia upya. Jumapili iliyofuata baba yako alirudi kutoka kanisani akamkuta mkwewe sebuleni Mbuya, amevua viatu, anakoroma.

Jarida lilichapa picha ya mzee na mwavuli wake, wakaeleza kwamba ndivyo Wanubi wanavyocheza. Tuliwaacha.

Sasa nisikilize. Waheshimu waliokualika, maana kutukusanya sote mahali pamoja si kazi ndogo. Wakikupa dakika tano, zichukue. Lakini kabla hujaigusa ngoma, tazama nyuma ya banda. Hakosekani mtu aliyenyimwa hicho unachokwenda kuonyesha. Mpigie huyo, wengine watazame. Na siku ukiwa wewe ndiye uliyenuna kitini, jina lako likiitwa, simama mapema.

Mungu akupe sauti ya Shangazi Halima na watu wa kukuitikia. Na huyo kijana unayemficha, awe wa kwetu au wa mbali, mlete nyumbani. Mimi na baba yako tukitajwa tutasimama mara ya kwanza. Mwavuli bado ninao.