Vidole vya Mwajuma

Siku ile biashara ilikuwa nzuri, na Mwajuma alikuwa akinicheka kwamba nina mkono wa birika katika kupima mchele. Yeye ni mtoto wa shangazi yangu wa Kigwa. Tulikuwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, ambako mchele wa Tabora ulikuwa ukigombaniwa. Habari za wapiganaji tulizisikia kila safari, tukazizoea.

Kisha mbwa wakaondoka. Walipita katikati ya soko kimya, wakubwa kwa wadogo, wakielekea majini. Hakuna aliyewafukuza. Muuza chumvi alisimama akiwatazama huku chumvi ikimmwagikia miguuni.

Alfajiri ya kesho yake risasi zikaanza.

Tuliruka ukuta wa gesti tuliyolala. Mwajuma alitua salama. Mimi nilisikia mguu ukilia kama kuni kavu.

Nilipotazama, unyayo ulikuwa umeelekea pembeni.

Mwajuma alinibeba mgongoni hadi kwenye boti ya mizigo. Risasi zilitufuata mpaka majini.

Botini aliketi miguuni pangu, akaunyoosha mguu polepole, akakishika kifundo kwa mikono yote miwili.

"Usiuchezeshe, mdogo wangu. Nimeushika."

Ukungu ulifunika ziwa hata ncha ya boti hatukuiona. Kila nilipolia, alikaza. Baadaye akalaza kichwa juu ya gunia. Nikadhani usingizi umemchukua, nikanyamaza nisimwamshe.

Tulipofika Kigoma nahodha alimwita. Hakuitika. Risasi ilimpata ubavuni tangu kule ufukweni, na kanga yake nyeusi ilikuwa imeficha damu yote. Ilibidi waibandue mikono yake kidole kimoja kimoja. Ilikuwa ya baridi, baridi ya mtu aliyekufa saa nyingi. Na mpaka leo naapa kwamba, tulipoanza kuiona nchi kavu, mikono ile ilinikaza.

Walimzika hukohuko. Mimi nikaletwa Tabora kwa treni.

Daktari wa mifupa, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alisema kifundo kimevunjika ndani, nje na nyuma. Alipitisha vyuma kwenye muundi na kisigino, akafunga fremu nje ya mguu ili mifupa itulie. Upasuaji wenyewe ungesubiri.

"Nikikata ngozi iliyovimba hivi, haitafunga. Itaoza, na mguu utaupoteza. Ikianza kukunjamana, nitaunga."

Nyumbani kusubiri huko walikuona ni kutelekezwa. Shangazi, mama yake Mwajuma, akaja na gari la kukodi ili anihamishie kwa mganga wa mifupa kule Ntalikwa. Nilimwogopa. Mimi nilirudi, mwanawe hakurudi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Hakunitazama usoni. Akafunua shuka.

Alama za vidole zilikuwa pale, nyeusi, zimeuzunguka mguu. Uvimbe ulishabadilika rangi mara kadhaa, lakini zenyewe hazikubadilika. Manesi walikuwa wameacha kuzitazama. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa nusu, kama cha Mwajuma, kilichokatwa na jembe utotoni.

Shangazi alipitisha mkono kati ya vyuma, akaweka vidole vyake juu ya vile. Vikalingana. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Wifi," alimwambia mama yangu aliyesimama mlangoni, "mwambie dereva arudi. Mwanangu kaushika mpaka kaufikisha. Mimi nani niutoe?"

Ngozi ilipokunjamana nikapasuliwa. Daktari alivipanga vipande vya mfupa, akaviunga kwa bamba la chuma na skrubu. Leo natembea. Nachechemea kidogo wakati wa masika, na ngazi hunipa tabu, lakini mguu ninao.

Siku ya kutoa nyuzi shangazi aliwahi kuliko wote. Bandeji ikafunguliwa. Mguu ulikuwa umenyooka, ngozi safi, na mistari miwili ya mishono.

"Umepona," alisema daktari, akitabasamu.

Shangazi aliugeuza mguu wangu huku na huku. Akauinua kuelekea mwanga wa dirisha, akatafuta kwa kidole, taratibu, upande mmoja kisha wa pili. Hapakuwa na kitu. Matangani hakuwa ametoa chozi. Sasa alilia kwa sauti, ameushika mguu, nami sikuthubutu kuuondoa.