Mkono Nilioinua Mkutanoni

Siku ya mkutano wa shule tulikuwepo afisa wa elimu, mwalimu mkuu, jirani yangu Mama Kadzo, wazazi wa kijiji chetu cha Jilore, na mimi Karisa, ninayesimama mahali pa wazazi wetu marehemu. Serikali ilitaka shule yetu iunganishwe na nyingine iliyo mwendo wa saa nzima, na mdogo wangu Dama yuko gredi ya pili tu.

Shule niliiacha mapema, lakini nilipita nyumba kwa nyumba nikiwaomba watu tupinge, nikiwaambia, "Mkiona nimeinua mkono, inueni." Nilijiona kiongozi.

Afisa alipokuwa akizungumza, mimi nilikuwa nikipanga maneno yangu moyoni. Akanitazama. Nikadhani ananipa nafasi ya kusema, nikainua mkono. Safu zote nyuma yangu zikainua.

"Asanteni," akasema. "Wengi wamekubali kuunganisha."

"Mimi nilitaka kuzungumza tu," nikasema.

"Kura imekwisha, kijana."

Mama Kadzo akanivuta shati. "Mwanangu, si ulisema tukufuate? Basi tumekufuata."

Siku hizi kila alfajiri nawasindikiza watoto wote wa kijiji kwa miguu hadi shule ile ya mbali. Mama Kadzo hunishukuru, lakini deni la mkono ule liko pale pale.